Mganga Hufundwa Wapi? Historia ya hospitali za mbali na miji katika Kongo



Mganga anayemtibu mtoto wako alifundwa wapi? Watu wengi watajibu mara moja: «Katika chuo kikuu, mjini.» Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu tu. Chuo kinampa mganga vitabu, majina ya magonjwa na hesabu ya dawa. Mkono wake hautengenezwi na vitabu. Mkono unatengenezwa kando ya kitanda cha mgonjwa, mbele ya macho ya mganga mkubwa anayeijua kazi. Ndiyo sababu kijana wa uganga, hata akiwa amefaulu mitihani, anapaswa kukaa tena hospitalini miezi na miaka, akifanya kazi na kusahihishwa. Sisi watu wa Kongo tunaiita kazi hiyo staji. Tena mwenye kutaka kuwa fundi wa jambo moja, kama kupasua, au kuzalisha, au magonjwa ya watoto, anaongeza miaka mingine juu ya hiyo.

Angalieni mhunzi wa kijijini. Kijana anayejifunza kwake anaanza kwa kuvuta viriba vya moto na kutazama. Kiisha anapewa kushika koleo. Kiisha anapiga nyundo, fundi akisimama karibu. Mwisho anafua jembe peke yake, na watu wanalinunua. Mganga naye ni vivyo hivyo. Mara ya kwanza anatazama mama akipasuliwa ili mtoto atoke. Mara ya pili anashika vyombo. Mara ya kumi anakata yeye, na mkubwa wake yuko mbele yake, tayari kumzuia mkono. Siku moja usiku anaitwa peke yake, na hapo uhai wa mama na wa mtoto unategemea yale aliyoonyeshwa.

Basi, swali letu si dogo. Kama vijana wote wanafundwa katika mji mkubwa tu, penye umeme usiku kucha, penye mashini za kupiga picha, penye wenzao kumi wa kuulizwa, watafanya nini siku watakapofika katika hospitali ya pori yenye mganga mmoja? Wengi hawafiki kabisa. Wengine wanafika na kuondoka upesi, kwa sababu hawakuzoezwa kazi ya namna ile.

Historia ya inchi yetu inafundisha jambo ambalo wengi wamelisahau: hospitali za mbali na miji si mahali pa kungojea waganga tu. Zinaweza kuwazaa. Zilifanya hivyo zamani, na nyingine zinafanya hivyo hata leo. Tuitazame historia hiyo kwa utaratibu.

KISANTU NA KATANA

Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale uliua watu wengi sana katika Kongo ya Chini na katika sehemu nyingine za inchi. Vijiji vizima vilibaki bila watu. Waganga wa serikali walikuwa wachache, nao wote walikuwa wageni. Ilionekana wazi kwamba Ulaya haitaweza kutuma waganga wa kutosha kwa inchi kubwa kama hii. Ilipaswa kuwafundisha watu wa hapa.

Mwaka wa 1926 wakuu wa Chuo Kikuu Katoliki cha Louvain, kwa juhudi ya profesa Fernand Malengreau, walianzisha kazi ya uganga iliyojulikana kwa jina la Fomulac. Kituo chake cha kwanza hawakukiweka Léopoldville, mji mkuu wa koloni. Walikiweka Kisantu, karibu na njia ya gari la moshi linalotoka Matadi, kadiri ya kilometa 120 kutoka mji mkuu. Huko Mapadre Wayezuiti walikuwa na misioni tangu mwaka wa 1893. Hapo hospitali na shule vilikwenda pamoja: vijana walisoma, na wagonjwa walikuwa karibu. Baadaye Fomulac ilifika pia kwetu Kivu, ikajenga hospitali ya Katana, kaskazini ya Bukavu, karibu na ziwa. Watu wa upande huo wanaiita Fomulac hata leo, ingawa wengi hawajui jina hilo lilitoka wapi.

Mwaka wa 1936 serikali ilifungua katika Léopoldville shule ya wasaidizi wa waganga, na nyuma yake Kisantu nayo ikapata shule ya namna hiyo. Masomo yao hayakuwa mepesi. Yalichukua miaka 6, na miaka ya mwisho walifanya kazi hospitalini. Msaidizi aliyetoka huko aliweza kutambua magonjwa, kutoa dawa, kupasua ngiri, kusaidia mama aliyeshindwa kuzaa, na kuzunguka vijijini kutafuta wagonjwa wa malale. Mahali pengi yeye ndiye aliyefanya kazi yote ya siku, na mganga mkubwa alipita mara moja moja.

Lakini kulikuwa na ukuta. Msaidizi alibaki msaidizi. Hata kama alikuwa na akili nyingi, hata kama alifanya kazi miaka 20, hakuweza kuitwa mganga. Njia ya kwenda mbele haikuwako, kwa sababu koloni haikuwa na chuo kikuu cha kuwafundisha watu weusi. Sheria ilimweka chini ya mganga Mzungu, na mshahara wake ulikuwa wa msaidizi. Walipewa mkono wa mganga, wakanyimwa jina lake. Jambo hili tusilisahau, kwa maana tutalikuta tena mbele.

LOVANIUM NA MWAKA WA 1960

Mbegu iliyopandwa Kisantu ndiyo iliyozaa Chuo Kikuu cha Lovanium, kilichofunguliwa mwaka wa 1954 juu ya kilima cha Mont Amba, karibu na Léopoldville. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Monsinyori Luc Gillon. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1956, serikali ilifungua chuo kingine katika Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi. Sasa kijana wa Kongo aliweza kusoma uganga kamili katika inchi yake. Ukuta ulianza kubomoka.

Lakini masomo ya uganga ni marefu. Wale walioanza mwaka wa 1954 walikuwa bado hawajamaliza siku ile ya tarehe 30 Juni 1960, inchi ilipopata uhuru. Siku hiyo Kongo haikuwa na mganga hata mmoja wa damu yake mwenye cheti cha chuo kikuu. Baada ya siku chache askari waliasi, na waganga Wabelgiji, mamia yao, wakaondoka kwa majuma machache. Hospitali nyingi zikabaki bila mkuu.

Nani alibaki na wagonjwa? Walibaki wasaidizi, wauguzi, masista, na wamisionari wachache waliokataa kuondoka. Shirika la Afya la Ulimwengu lilituma waganga kutoka inchi nyingi. Shirika hilo lilifanya jambo jingine pia: liliwapeleka makumi ya wasaidizi wetu Ufaransa, wakamalize masomo ya uganga. Kuanzia mwaka wa 1963 walirudi wakiwa waganga kamili.

Tafakarini jambo hili. Watu hawa walimaliza masomo makubwa kwa miaka michache tu. Kwa nini? Kwa sababu mkono wao ulikuwa umekwisha kufundwa. Miaka yao ya hospitali ilihesabiwa. Walipungukiwa na sehemu ya vitabu, na cheti. Hiyo ni shuhuda kubwa kwamba zile hospitali na zile shule za zamani zilijua kufundisha kazi. Wale waliosema kwamba msaidizi mweusi hawezi kuwa mganga, hapo walinyamazishwa.

Hata hivyo, kulikuwa na hasara upande wa pili. Tangu hapo mafunzo ya waganga yalikusanyika mjini. Kijana alitoka kijijini kwao, akakaa miaka mingi katika mji mkuu, akafanya staji yake katika hospitali kubwa ya mji, akaoa huko, akajenga huko. Vita vya mwaka wa 1964 viliharibu njia na hospitali nyingi za ndani. Mishahara ya waganga wa serikali ikapungua nguvu, dawa zikakosekana. Nani angeondoka mjini aende mahali ambapo hakuna mkubwa wa kumwonyesha, na hakuna hata taa ya kupasulia?

Hivyo katika historia yetu mambo mawili mema yalikosa kukutana. Kisantu ilifundisha karibu na watu wa vijijini, lakini bila kutoa jina la mganga. Lovanium ilitoa jina la mganga, lakini mbali na watu wa vijijini.

YAMBUKU

Bei ya kutengana huku ilionekana mwaka wa 1976 katika Yambuku, misioni ya upande wa Bumba, kaskazini ya inchi. Hospitali yake ilianzishwa na wamisionari Wabelgiji mwaka wa 1935. Ilikuwa na vitanda 120. Kila mwezi maelfu ya wagonjwa walifika, wengine kutoka mbali sana, kwa maana ilijulikana kuwa na dawa. Watumishi wake wa uganga walikuwa 17. Kati yao alikuwapo msaidizi mmoja wa mganga, Mkongo, na masista watatu Wabelgiji waliokuwa wauguzi na wakunga. Mganga hakuwapo.

Kila asubuhi wauguzi walipewa sindano tano kwa wagonjwa wote wa siku. Sindano ile ile ilitoka kwa mtu huyu ikaenda kwa mtu yule, mara nyingine ikisuuzwa tu katika maji ya uvuguvugu. Mwisho wa Agosti alifika mtu mwenye homa, akachomwa sindano ya dawa ya malaria. Baada ya siku chache ugonjwa mpya, usiojulikana bado na mtu, ukaanza kuua. Leo tunaujua kwa jina la Ebola. Watu 318 waliugua, na 280 kati yao wakafa. Wengi wa kwanza waliupata kwa sindano ya hospitali, na kati yao walikuwamo mama wajawazito waliokuja kupimwa. Katika watumishi 17, 13 waliugua na 11 wakafa. Masista walikufa wakiwauguza watu, na padri pia. Mwisho wa Septemba hospitali ikafungwa, na ugonjwa ukaanza kupungua.

Asinielewe mtu vibaya. Siwahukumu marehemu. Walitumika mpaka kufa, na hakuna upendo mkubwa kuliko huo. Wala sisemi kwamba mganga mmoja angaliweza kuzuia ugonjwa ambao ulimwengu mzima haukuujua. Lakini swali linabaki: namna gani hospitali ya vitanda 120, yenye kupokea maelfu ya watu kwa mwezi, ilikaa bila mganga miaka 16 baada ya uhuru? Waganga wa Kongo walikuwako wakati huo. Hawakuwa Yambuku.

Mmoja wao alikwenda. Jina lake ni Jean-Jacques Muyembe, aliyemaliza uganga Lovanium mwaka wa 1969 na kusoma zaidi Louvain. Alitumwa kutoka Kinshasa kutazama kuna nini. Aliwatoa wagonjwa damu kwa mikono mitupu, bila kujua hatari aliyokuwa nayo, akamchukua sista mgonjwa mpaka Kinshasa ili apimwe. Yale aliyojifunza katika majuma yale ya pori hayakumwacha tena. Mwaka wa 1995 ugonjwa ulipotokea Kikwit, yeye ndiye aliyekuwa mbele. Kuanzia mwaka wa 2018 mpaka 2020, ulipotuua sisi watu wa Kivu ya Kaskazini na Ituri, watu zaidi ya 2.200, yeye tena aliongoza kazi ya kuuzima. Hata dawa moja inayotibu Ebola leo ilipatikana kwa kuchunguza damu ya mtu aliyepona Kikwit. Kitanda cha mgonjwa wa pori ni mwalimu mkubwa kwa yule anayekwenda kusimama kando yake.

KASONGO NA VANGA

Miaka mitano kabla ya msiba wa Yambuku, kulikuwa kumeanza kazi nyingine katika Maniema. Mwaka wa 1971 waganga wa Shule ya Uganga ya Anvers, Ubelgiji, walifika Kasongo na kufanya kazi pamoja na waganga na wauguzi wa Kongo. Swali lao lilikuwa jepesi kulitaja, gumu kulijibu: hospitali moja ya wilaya inaweza kuwatunza namna gani watu wote wanaoizunguka, siyo wale tu wanaofika mlangoni pake?

Walijenga vituo vya afya vijijini, kila kimoja na muuguzi wake. Mgonjwa alianza kituoni. Ugonjwa ukizidi nguvu, alitumwa hospitalini na karatasi. Akipona, alirudishwa kituoni na karatasi. Mganga wa hospitali hakukaa chumbani mwake tu. Alikwenda vituoni, akaketi na muuguzi, akatazama naye wagonjwa na vitabu vya dawa. Hivyo mganga alikuwa mwalimu, na mganga kijana aliyekuja kufanya kazi Kasongo alijifunza si kutibu tu, bali kuongoza.

Mafundisho ya Kasongo, pamoja na ya mahali pengine, yaliingia katika sheria za inchi. Katikati ya miaka ya 1980 Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo, iligawanywa katika zoni za afya 306, kila zoni na hospitali yake kubwa. Leo zoni hizo zimepita 500. Hesabuni wenyewe: hospitali zaidi ya 500, na nyingi sana ziko mbali na mji. Kila moja inataka mganga ajuaye kupasua tumbo, kuzalisha, kutibu mtoto mwenye utapiamlo, kutambua kipindupindu mapema, kuhesabu dawa na kuwafundisha wauguzi. Mganga wa namna hiyo hapatikani katika hospitali kubwa ya mji, ambako kila fundi anashika sehemu yake moja.

Anapatikana wapi? Twende Vanga, kwenye mto Kwilu. Huko mwaka wa 1961, wakati wengine walipokuwa wakiondoka, alifika mganga Mwamerika, Daniel Fountain, wa misioni ya Wabaptisti. Alikaa kadiri ya miaka 35. Hospitali ya Vanga ilikua mikononi mwake na mikononi mwa Wakongo aliowalea, ikawa mahali pa kufundwa: waganga vijana wa Kongo wanakuja kufanya staji, wanaonyeshwa kazi zote, kiisha wanakwenda kuongoza hospitali nyingine za pori. Tena huko wapo wanaofundwa kuwa waganga wa jamaa, maana yake waganga wa kumtunza baba, mama na mtoto wa nyumba moja, na kufanya yote ambayo hospitali ndogo inayataka. Waliofanya hayo ni ndugu zetu Waprotestanti. Sisi Wakatoliki tuyasifu kwa moyo mweupe, tena tujifunze.

Katika Ituri, hospitali ya Nyankunde ilifanya kazi ya namna hiyo kwa miaka mingi, ikiwafundisha wauguzi na waganga wa mashariki yote. Tarehe 5 Septemba 2002 watu wenye silaha waliishambulia. Zaidi ya watu elfu moja waliuawa katika siku zile, na wagonjwa wengine waliuawa vitandani mwao. Waliosalia walikimbia kwa miguu upande wa Oicha na Beni. Huko, mikono mitupu, wakaanza tena kufundisha. Majengo yalivunjwa, lakini ufundi ulikuwa umekaa ndani ya watu, nao walikwenda nao njiani.

LEMERA

Wengi wenu mnalijua jina la mganga Denis Mukwege, aliyepewa Nobeli ya Amani mwaka wa 2018. Wanaojua namna alivyofundwa ni wachache zaidi.

Alizaliwa Bukavu mwaka wa 1955, akasoma uganga Burundi, akamaliza mwaka wa 1983. Nia yake ilikuwa kuwatibu watoto. Akaenda kufanya kazi Lemera, hospitali ya Waprotestanti katika milima ya upande wa Uvira. Huko aliona jambo ambalo hakulitazamia. Wanawake waliletwa wakichukuliwa katika machela, baada ya mwendo mrefu wa milimani, wakitoka damu, mtoto amekwisha kufa tumboni. Wengine walikufa. Wengine walipona, lakini na vidonda vya ndani vinavyomfanya mwanamke avuje mkojo na kukimbiwa na watu. Yule kijana aliyetaka kutibu watoto akaona kwamba mama wanakufa kwanza. Akabadili njia. Alikwenda Angers, Ufaransa, kujifunza uganga wa wanawake na wa kuzalisha, na mwaka wa 1989 akarudi, siyo mjini, bali Lemera ile ile.

Basi, nani alimchagulia Mukwege kazi yake? Ufaransa ilimpa ufundi, lakini wagonjwa wa Lemera ndio waliompa swali. Kama angalifanya staji yake ya kwanza katika mji mkubwa, labda tungalipata mganga mwema wa watoto mjini, nasi tusingalipata Panzi.

Tarehe 6 Oktoba 1996, wakati wa vita, hospitali ya Lemera ilishambuliwa. Wagonjwa 35 waliuawa vitandani, na wauguzi pia. Mukwege akaokoka. Mwaka wa 1999 akaanza hospitali ya Panzi, pembeni mwa Bukavu, na leo waganga wa Kongo na wa inchi za mbali wanakuja kwake kujifunza kuponya vile vidonda vya wanawake ambavyo yeye aliviona kwanza Lemera.

HISTORIA HII INATUFUNDISHA NINI?

Kwanza, mahali pa kufundia panataka mkubwa anayekaa. Fountain alikaa miaka 35. Mukwege alirudi. Mganga mmoja aliyetupwa peke yake katika hospitali, akiwa ametoka shuleni jana, hawezi kufundwa na mtu, tena hawezi kumfundisha mtu. Watu wengine wanauliza: «Je, ni haki waganga vijana wajifunze kwa miili ya maskini wa vijijini?» Swali hili ni zito, na wenye kuliuliza wanastahili jibu. Kijana anayekata mbele ya macho ya mkubwa wake, huyo hamwibii maskini kitu. Anamletea mikono minne pahali pa miwili. Ubaya mkubwa uko kwingine: ni kumpeleka kijana peke yake, bila mkubwa, na kumpa jina la mkuu wa hospitali. Hapo kweli maskini ndiye anayelipa makosa ya kujifunza.

Pili, kufundisha mbali na mji si kufundisha kwa bei ndogo. Yambuku ilikuwa na wagonjwa wengi, nayo ilipungukiwa na mganga na sindano. Kijana akifundwa mahali pasipo maji safi, pasipo vyombo vya kuchemshia, atazoea kazi mbaya, na kuzoea huko hakuondoki upesi. Samaki mkunje angali mbichi: ukimkunja vibaya, atakauka vibaya.

Tatu, tusirudie kosa la koloni. Mganga anayefundwa katika hospitali ya pori apewe jina lake kamili na cheti sawa na cha mwenzake wa mjini. Mwaka wa 2010 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa mashauri juu ya neno hili: kupokea shuleni vijana waliozaliwa vijijini, kujenga shule za uganga nje ya miji mikuu, na kuwapeleka wanafunzi vijijini wakati wa masomo yao. Walipofika huko, Kisantu na Vanga walikuwa wametangulia.

Na sisi, watu wa parokia, tunahusika namna gani? Tunahusika sana. Mganga kijana akifika katika hospitali yetu, mara nyingi anaikuta nyumba inayovuja, hana jirani wa kumkaribisha, na mke wake hajui mtoto atasoma wapi. Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni hatashika jembe kama siku mbili za kwanza hakupewa chakula na mkeka. Mafundi wa parokia wanaweza kutengeneza paa. Mama wa kikundi cha jumuiya wanaweza kumwonyesha mke wake soko na shamba. Vijana wanaweza kutoa damu, ili mama apasuliwaye usiku asife huku jamaa wakitafutana. Na sisi tunaofundisha watoto, tuwaambie wavulana na wasichana wenye akili kwamba uganga si kazi ya watoto wa mjini peke yao.

Hospitali iliyo karibu nawe, ingawa ni ndogo na rangi yake imefifia, inaweza kuwa shule ya uganga kwa inchi nzima. Kisantu ilianza kando ya reli, Vanga kando ya mto, Lemera juu ya mlima. Mwenyezi Mungu awape waganga wetu wakubwa moyo wa kukaa, na vijana moyo wa kuja. Nasi tuwafungulie mlango.